Gemu ya zamani inakwamakwama? Pima kwanza, lipa baadaye

Unaendesha gari ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas, barabara iko wazi, halafu picha inasimama kidogo na kuruka mbele. Ukishtuka, umeshagonga nguzo. Sekunde chache baadaye inarudia tena. Gemu yenyewe ni ya 2004, laptopu uliinunua juzi, sasa shida iko wapi?

Hapo ndipo wengi hushika simu. Kuna anayeuza "boosta" kwa bob mia tatu. Kuna anayesema ongeza RAM. Kuna rafiki anayeapa kwamba ukinunua bando kubwa zaidi kila kitu kitanyooka. Huenda mmoja wao yuko sahihi, huenda wote wamekosea, lakini kila mmoja ana nambari ya kutumiwa pesa.

Sisi kazi yetu ni malipo, na kuna jambo moja tungependa kila mteja alielewe kabla ya kubonyeza "Tuma". Pesa ikienda kwa nambari isiyofaa kwa bahati mbaya, kuna utaratibu wa kuomba irudishwe. Lakini ukimlipa mtu uliyemkusudia, kwa kiasi ulichokusudia, kisha kitu alichokuuzia kisikusaidie, hayo ni malipo halali. Hatuwezi kuyafuta kwa sababu gemu bado inakwama. Ndiyo maana tumeandaa makala haya. Tutaeleza kukwama huko kunatoka wapi, vipimo unavyoweza kufanya bila kutoa hata shilingi, na namna ya kulipa kwa usalama ukipata kwamba kweli kuna kitu cha kununua.

Kwanza, ni nini hasa kinachokwama?

Gemu ni picha nyingi zinazopita haraka. Kila picha huitwa fremu. Mashine ikitoa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 17 za kuandaliwa. Ikitoa 30, kila moja ina milisekunde 33. Jicho huridhika fremu zikija kwa mwendo sawa, hata kama si nyingi sana.

Shida huanza fremu moja ikichelewa. Chukua mfano huu: katika sekunde moja, mashine imetoa fremu 49 za milisekunde 16 kila moja, kisha fremu moja ikachukua milisekunde 200. Ukijumlisha, ni kama sekunde moja yenye fremu 50. Kipimo cha kwenye skrini kitaandika 50, namba nzuri tu, lakini wewe umeona picha ikisimama kwa sehemu ya tano ya sekunde. Ni kama matatu inayofika Thika kwa wakati, ila dereva amekanyaga breki ghafla katika kila stegi. Saa inasema safari ilikuwa nzuri, shingo yako inasema vingine.

Kwa hivyo tenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja, "ina-hang":

- Gemu nzito muda wote. Kila kitu kinaenda polepole, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi mashine haina nguvu ya kutosha, au mipangilio ya picha imewekwa juu mno.
- Gemu inayokwamakwama. Inaenda vizuri, inasimama kidogo, inaendelea. Hii ndiyo tunayoizungumzia leo.
- Mtandao unaochelewa. Hutokea ukicheza na wenzako mtandaoni. Wachezaji wengine wanarukaruka au risasi yako inachelewa kufika, lakini ukizungusha kamera, picha inazunguka bila shida.

Bando linaweza kusaidia hiyo ya tatu pekee, na hata hapo si lazima. San Andreas ukiicheza peke yako haihitaji intaneti. Zima Wi-Fi, zima data, cheza dakika kumi. Ikiendelea kukwama, basi bando halihusiki na pesa yako ya bando imepona.

Kwa nini gemu ya 2004 ikwame kwenye mashine ya leo?

San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, ikaja kwenye kompyuta Juni 2005, na kwenye simu Desemba 2013. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu. Leo hata simu janja ya bei ya chini kabisa ina nyingi zaidi mara kadhaa. Sasa waundaji walitaka kuweka jimbo zima humo: miji mitatu ya Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na mashamba, jangwa na milima katikati, na uweze kuendesha gari kutoka upande mmoja hadi mwingine bila skrini ya kusubiri.

Haiwezekani jimbo zima kukaa ndani ya megabaiti 32. Walichofanya ni kuisomesha gemu diski wakati unacheza. Ukielekea mbele, majengo na barabara za mbele yako zinaletwa kutoka kwenye diski, na za nyuma yako zinatupwa. Ukitembea kwa miguu, kuna muda wa kutosha. Ukipanda pikipiki au ndege, diski inabidi ikimbie.

Toleo la kompyuta lilirithi mtindo huo. Mahitaji yake ya chini yalikuwa RAM ya megabaiti 256 na prosesa ya gigahezi 1, kwa hivyo laptopu yoyote ya miaka ya karibuni ina nguvu ya kutosha kwenye karatasi. Lakini laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa hapa kwetu bado zina diski ile ya kuzunguka, yenye sahani na sindano ndani. Diski hiyo ikiwa inahudumia gemu, na papo hapo Windows inapakua sasisho huku antivirasi ikikagua mafaili, sindano inakimbizwa huku na kule. Gemu inaomba jengo lililo mbele, diski inasema subiri kidogo. Hapo ndipo picha inasimama.

Chanzo cha pili ni cha ajabu kidogo, kwa sababu kinakupata hata ukiwa na kompyuta ya laki mbili. Ndani ya mipangilio ya picha ya San Andreas kuna kitu kinaitwa "Frame Limiter". Kikiwashwa katika toleo la awali la kompyuta, gemu huishia karibu fremu 25 kwa sekunde. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya 60 kwa 25 na unapata 2.4. Skrini haiwezi kuonyesha fremu mara mbili na nukta nne, kwa hivyo fremu nyingine zinakaa kwa michoro miwili na nyingine kwa mitatu. Moja inaonekana kwa milisekunde 33, inayofuata kwa 50, kisha 33 tena. Mwendo unakuwa wa kuchechemea. Hakuna RAM wala kadi ya picha itakayobadilisha hesabu hiyo.

Basi si uizime tu? Unaweza, na mara nyingi mwendo unalainika papo hapo. Lakini hesabu nyingi za gemu hii zimefungwa kwenye fremu. Fremu zikizidi sana, mambo ya ajabu yanaanza. Kinachojulikana zaidi ni kuogelea: CJ anapiga mbizi na mikono, ila hasogei inavyotakiwa. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huweka kikomo chao wenyewe kwa programu ya nje, mara nyingi 30, kwa sababu 60 inagawanyika kwa 30 bila baki. Kila fremu inakaa kwa michoro miwili kamili na jicho linatulia.

Pia kuna viraka vya bure vinavyotengenezwa na wapenzi wa gemu. Kinachojulikana sana kwa San Andreas ni SilentPatch, kilichoandikwa na mtengenezaji anayejiita Silent. Kinarekebisha makosa mengi ya toleo la kompyuta na hakiuzwi. Mtu akikuambia umtumie pesa akupe SilentPatch, anakuuzia kitu cha bure. Kichukue kwenye ukurasa wa mwandishi mwenyewe, usikichukue kwenye kikundi cha kutumiana mafaili.

Wakati mwingine kosa si la mashine yako hata kidogo

Mfano mmoja mkubwa unatoka kwa ndugu mdogo wa San Andreas. Kwa miaka mingi, waliocheza GTA Online kwenye kompyuta walisubiri dakika kadhaa kabla ya kuingia. Watu walilaumu mashine zao. Wengine walibadilisha diski, wengine prosesa.

Mwanzoni mwa 2021, mtengenezaji programu anayejiita t0st alichunguza kilichokuwa kikifanyika wakati wa kusubiri. Alikuta gemu inasoma orodha ya vitu vinavyouzwa ndani yake, faili la takriban megabaiti 10 lenye vitu kama 63,000. Kusoma orodha hiyo kulifaa kuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini programu, kila ilipofika kwenye kitu kipya, ilihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Kisha ikalinganisha kila kitu na vyote vilivyotangulia ili kuona kama kimerudiwa. Ni sawa na mtu wa duka anayehesabu stoo nzima kila mara anapouza kiberiti kimoja.

Aliandika marekebisho yake mwenyewe na muda wa kusubiri ukapungua kwa takriban asilimia 70. Kampuni ya Rockstar ilikubali matokeo yake, ikatoa sasisho Machi 2021 na kumlipa dola 10,000. Waliokuwa wamenunua vifaa vipya ili kuponya tatizo hilo walikuwa wametibu mgonjwa asiye mgonjwa.

San Andreas yenyewe ilitoa kisa kingine. Baada ya sasisho la Windows 11 linaloitwa 24H2, ndege ya majini iitwayo Skimmer ilitoweka ndani ya gemu kwa baadhi ya wachezaji. Kila mtu alisema Microsoft wameharibu. Mwaka 2025, Silent yule yule alionyesha kwamba kosa lilikuwa ndani ya gemu tangu zamani. Mstari wa data wa ndege hiyo ulikosa vipimo vya magurudumu, na gemu ilikuwa ikitumia namba zilizoachwa kwenye kumbukumbu na kazi iliyotangulia. Kwa takriban miaka 20 namba hizo zilitokea kufaa. Windows ilipobadilisha kidogo matumizi ya kumbukumbu, bahati ikaisha.

Kwa hivyo muuzaji akikwambia "ni RAM hiyo" kabla hata hajawasha mashine yako, mwombe akuonyeshe alijuaje.

Vipimo sita visivyo na gharama

Fanya kimoja kimoja, ukiandika ulichokiona. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo, hutajua lililosaidia.

1. Chomeka chaja. Laptopu nyingi hupunguza nguvu zikitumia betri. Chomeka, kisha ndani ya mipangilio ya umeme ya Windows chagua utendaji wa juu. Ikitulia, umemaliza.

2. Angalia saa. Gemu inaenda vizuri dakika kumi au kumi na tano za kwanza, kisha inaanza kukwama? Hilo ni joto. Prosesa ikipata moto sana hupunguza kasi ili isiungue. Weka laptopu kwenye meza ngumu, kamwe si kitandani, na uangalie kama matundu ya hewa yamejaa vumbi. Kusafishwa na fundi pamoja na kupakwa dawa mpya ya joto kwenye prosesa ni gharama ndogo kuliko kipande chochote kipya.

3. Funga vilivyo wazi. Kivinjari chenye vichupo ishirini kinakula RAM. Kifunge, kisha cheza. Tofauti ikiwa kubwa, huenda kweli una RAM ndogo, au una mazoea tu ya kuacha vitu wazi.

4. Chungulia diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Iache wazi, rudi kwenye gemu, endesha gari kwa kasi mjini hadi ikwame, kisha toka haraka uangalie safu ya diski. Ikiwa imepanda hadi asilimia 100 au karibu, diski ndiyo inayochelewesha. Angalia pia ni programu gani inaitumia. Ikiwa ni sasisho la Windows, lisubiri limalize, ujaribu tena kesho.

5. Jaribu "Frame Limiter". Cheza ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa. Ikiwa kuchechemea kulikuwa kwa mfululizo kila mahali, hata ukisimama na kuzungusha kamera tu, na kunaisha ukiizima, shida ni ile hesabu ya 25 na 60.

6. Sasisha draiva ya picha. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako au kadi yake ya picha: Intel, AMD au NVIDIA. Draiva hizi ni za bure. Programu inayokuambia imepata "draiva 37 mbovu" na kukutaka ulipe ili izirekebishe, ifute.

Kwa wanaocheza kwenye simu, orodha ni fupi. Toa chaja wakati unacheza kwa sababu kuchaji kunaongeza joto. Zima hali ya kuokoa betri. Hakikisha nafasi ya kuhifadhia haijajaa pomoni. Washa simu upya. Punguza umbali wa kuona na ubora wa picha ndani ya gemu yenyewe.

Hapa ndipo pesa hupotea: boosta ya simu

Tuseme umefanya hayo yote na bado simu inakwama. Mtu kwenye kikundi anakutumia kiungo cha programu ya kuongeza kasi. Haiko kwenye Play Store, anasema, "kwa sababu ni kali mno". Unaipakua kama faili la APK na kuisakinisha mwenyewe.

Tuanze na kazi yake. Boosta nyingi hufunga programu zilizo nyuma ya pazia. Android hufanya hivyo yenyewe inapohitaji kumbukumbu. Ukizifunga kwa nguvu, nyingi hujiwasha tena, na kule kuwaka upya kunakula prosesa wakati ule ule unapotaka gemu iende vizuri. Yaani unaweza kulipia kukwama zaidi.

Hilo ni hasara ya mia tatu. Hasara kubwa iko kwenye ruhusa. Angalia boosta inaomba nini:

- Kusoma SMS. Gemu haihitaji SMS zako. Mwizi anazihitaji, kwa sababu nambari za uthibitisho za benki na akaunti zako huja kwa SMS, na ujumbe wa malipo unaonyesha salio lako.
- Huduma za ufikivu. Hizi ziliwekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu wa kuona au wa viungo. Programu yenye ruhusa hii inaweza kuona kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ukiipa tapeli, ni kama kumpa simu ikiwa wazi.
- Kuonekana juu ya programu nyingine. Inaweza kuchora ukurasa bandia juu ya programu yako ya pesa, uandike PIN yako ukidhani uko mahali salama.

Kuanzia Android 13, simu huzuia programu zilizosakinishwa nje ya duka rasmi zisipate ruhusa ya ufikivu moja kwa moja. Matapeli wanalijua hilo. Kwa hivyo wanakutumia video fupi inayokuelekeza hatua kwa hatua namna ya kuondoa kizuizi hicho. Ukiona maelekezo ya aina hiyo, simama hapo. Simu yako imekuambia ukweli, na mtu wa mtandaoni anakuomba uinyamazishe.

Kwenye kompyuta, mtego unakuja kama kiraka, modi au programu ya kudanganya ndani ya gemu. Faili linakuomba uzime antivirasi kwanza. Ukishalifungua, linaweza kukusanya manenosiri uliyohifadhi kwenye kivinjari, na barua pepe yako ikishikwa, akaunti nyingine hufuata. Usizime antivirasi kwa sababu ya faili la mtu usiyemjua.

Sisi hatutakupigia kukuuliza PIN yako. Hatutakutumia kiungo cha kuongeza kasi ya simu. Na hakuna programu ya gemu inayohitaji PIN ya pesa ili kufanya kazi.

Ukiamua kununua kifaa

Vipimo vyako vinaweza kuonyesha kwamba kweli kuna kitu cha kununua. Kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka inayofika asilimia 100 kila unapokimbiza gari, kubadilisha hadi SSD ni msaada wa kweli, na si kwa gemu tu. Windows itawaka haraka na kazi zako za kila siku zitafunguka upesi. Kwa laptopu yenye RAM ndogo na picha inayotumia RAM hiyo hiyo, kuongeza kipande cha pili kunaweza kusaidia pia. Lakini mtu akikuahidi kadi ya picha ya kuingiza kwenye laptopu yako, uliza maswali mengi. Katika laptopu nyingi kadi hiyo imechomelewa kwenye ubao na haibadiliki.

Kabla ya kulipa:

Jua unachohitaji. Modeli kamili ya laptopu, aina ya tundu la diski, aina ya RAM. RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Piga picha ya kibandiko cha chini ya laptopu uende nayo.

Nenda dukani ukiweza. Ukiwa Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue yako wazi mchana na unaweza kuona kifaa kikichomekwa na kuwaka. Ukiwa mbali, muulize fundi wa mtaani unayemfahamu, mtu ambaye kesho utampata pale pale.

Lipa baada ya kuona. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka "deposit kidogo ya kushikilia" kwa sababu "kuna mteja mwingine yuko njiani" anakuharakisha makusudi. Kifaa cha kweli kitakuwepo hata saa mbili baadaye. Kisipokuwepo, vipo vingine.

Lipa kwa nambari ya Till ya duka, na usome jina. Kabla ya kuweka PIN, jina la biashara linatokea. Lilinganishe na la kwenye bango au risiti. Muuzaji akisema "hiyo Till ina shida leo, tuma kwa hii yangu", una haki ya kusubiri ipone.

Omba risiti yenye muda wa dhamana. Iandikwe tarehe, modeli na siku za kurudisha. Hifadhi pia ujumbe wa malipo. Usiufute ukisafisha simu, kwa sababu kodi iliyo kwenye ujumbe huo ndiyo inayothibitisha lini, kiasi gani na kwa nani.

Usikope kwa kubahatisha. Mkopo wa simu una ada au riba. Kukopa ili ununue SSD uliyothibitisha kwamba inahitajika ni uamuzi wako. Kukopa ili ujaribu bahati, kisha ukope tena kujaribu RAM, ni kulipia makosa mara mbili.

Kwa wenye lounge za gemu na vibanda vya PlayStation, ushauri huu una upande wa pili. Mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, huo si ushahidi, kwa sababu ujumbe unaweza kutengenezwa. Subiri ujumbe wako mwenyewe au angalia salio la Till. Na kabla ya kuagiza kifaa kipya kwa sababu wateja wanalalamika, fungua kilicho hapo utoe vumbi. Kifaa kinachowaka saa kumi kwa siku ndani ya chumba kidogo kina joto kuliko chochote.

Kama tayari umelipa au umesakinisha

Usione haya, na usichelewe. Ikiwa ulisakinisha boosta na kuipa ruhusa:

- Zima data na Wi-Fi mara moja.
- Ingia kwenye mipangilio, ondoa ruhusa za ufikivu na SMS, kisha futa programu hiyo. Ikikataa kufutika, washa simu katika hali salama na ujaribu tena.
- Ukitumia simu nyingine uliyo na uhakika nayo, badilisha nenosiri la barua pepe, kisha la benki.
- Tupigie kupitia nambari ya huduma kwa wateja iliyo ndani ya programu yetu, tusaidie kufunga akaunti kwa muda na kubadilisha PIN. Usitumie nambari uliyotumiwa na mtu.
- Laini ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, nenda kwa duka la mtoa huduma wako siku hiyo hiyo. Huenda mtu anajaribu kuihamisha.

Ikiwa umetapeliwa pesa, ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Beba ujumbe wa malipo, nambari ya aliyepokea na picha za mazungumzo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inahusu udanganyifu wa aina hii, na ripoti yako inatusaidia sisi na polisi kuifuatilia nambari hiyo kabla haijamfikia mwingine.

Na ikiwa ulituma kwa nambari isiyofaa kwa kukosea tarakimu, omba kurudishiwa mapema, kabla mpokeaji hajaitoa. Mtu usiyemjua akipiga akisema amekutumia pesa kimakosa na anataka uitume kwa nambari nyingine, usitume. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia kwetu.

Ukimaliza vipimo sita na bado hujui shida ni nini, mpelekee fundi karatasi uliyoandika. Ukimwambia "inakwama baada ya dakika kumi na tano, diski iko sawa, chaja imechomekwa", ataanza na feni, na hutalipia kubahatisha kwake.